Ranibeki Anayetafutwa na Vyuo vya Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Kijana

Juni moja nilikaa juani saa nne nzima kwenye jukwaa la chuo kimoja huko Texas, nikimtazama mtoto wa dada yangu kwenye kambi ya futiboli ya Kimarekani. Alikuwa na miaka 16. Msimu uliotangulia hakuna mwenzake wa haiskuli aliyefunga kumzidi, na asubuhi ile kwenye mbio za yadi 40 alikuwa wa tatu kati ya vijana wote wa nafasi yake. Moyoni nikaanza kupiga hesabu ya ada ambazo dada hatazilipa. Kisha likaja zoezi la kumkinga kwotabeki, yule anayerusha mpira. Kijana anasimama, beki anamjia mbio, na kazi ni moja tu: asipite. Mpwa wangu akalazwa chali mara tatu mfululizo. Kocha mwenye daftari akaandika neno moja au mawili, akamgeukia mwingine.

Kwenye gari nikamwuliza kulikoni. "Mjomba, mimi si wa kuzuia watu. Mimi ni wa kukimbia."

Kumbe sote wawili tulikuwa hatuijui kazi aliyokuwa akiiomba. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla ya siku ile. Nawaandikia hasa familia zetu zilizoko huku Marekani, za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, ambako mzazi amekulia soka na mtoto anarudi nyumbani amebeba kofia ngumu na mabega ya plastiki.

Kwanza, ijue kazi yenyewe

Kwa aliye mgeni kabisa: timu ni watu 11 kwa 11, uwanja una yadi 100 (kama mita 91) kati ya mistari miwili ya goli, na timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa mpira unahama. Mwanzishaji ni kwotabeki. Ama anarusha mpira, ama anamkabidhi ranibeki aliyesimama ubavuni au nyuma yake, na huyo ndiye anayetafuta njia katikati ya msongamano wa watu ambao wengine wana kilo 130 na zaidi.

Ranibeki ana kazi tatu: kuubeba mpira, kuupokea ukirushwa, na kumkinga kwotabeki asiangushwe. Sisi wazazi tunaona ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo inayoshangiliwa.

Jambo la pili la kujua ni uchache wa nafasi. Miamba wa safu ya mbele wanacheza watano kwa wakati mmoja, lakini ranibeki mara nyingi yuko mmoja. Kwa hiyo chuo kinaweza kusajili miamba wanne au watano katika mwaka mmoja na ranibeki mmoja, wawili wakizidi. Upo mwaka ambao hakisajili hata mmoja kutoka haiskuli, kwa sababu kimeshachukua aliyekomaa kutoka chuo kingine. Ukilijua hilo hutadhani kila ukimya wa kocha ni dharau kwa mwanao.

Hatua ya 1: Pima macho kabla ya miguu

Kama ningeruhusiwa kubakiza sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningebakiza hii. Kocha wa chuo anaweza kumwongezea kijana kilo saba za misuli kwa miaka miwili. Anaweza kumfundisha kupokea mpira. Macho ni magumu zaidi kumpa mtu.

Mtazame bodaboda mzoefu kwenye foleni ya Kariakoo. Haangalii lori lililo mbele yake. Anaangalia pengo ambalo bado halijafunguka kati ya lori na daladala, na anajua litafunguka kwa sababu ameliona tairi la daladala likianza kugeuka. Ranibeki mzuri yuko hivyo. Haendi palipo wazi sasa, kwa sababu akifika patakuwa pamefungwa. Anakwenda patakapokuwa wazi.

Katika mchezo, hali ni hii. Timu nyingi hutumia mpango ambao miamba wote wa mbele wanapiga hatua upande mmoja kwa pamoja, kama mkumbo wa maji. Ranibeki anakabidhiwa mpira na kulenga mahali fulani nyuma ya mkumbo huo. Huku akisogea anamsoma beki mmoja aliyepangiwa kumsoma, na jibu linakuwa moja kati ya matatu: beki akivutwa ndani, toka nje, akikimbilia nje, choma katikati, mkumbo wote ukipita upande mmoja, geuka uingie nyuma yake. Uamuzi huo unafanyika kabla hujamaliza kutamka neno "moja".

Kosa la kijana mwenye kasi ni kutoka nje kila mara. Haiskuli inamlipa, kwa sababu mabeki wa pembeni hawamfikii. Chuoni wale wa pembeni wana kasi kama yake, na mchezo uliompa yadi 40 utampotezea yadi mbili. Makocha wanalijua hili, kwa hiyo mkanda uliojaa mbio za pembeni unawaambia kidogo sana.

Kinyume chake ni subira. Le'Veon Bell alipokuwa Pittsburgh Steelers, timu ya ligi kuu ya kulipwa (NFL), alijulikana kwa kusimama karibu kabisa nyuma ya miamba wake, akisubiri kama mtu anayengoja mlango wa lifti, kisha anapenya. Alipomaliza haiskuli Ohio alipewa nyota mbili tu na wanaopanga vijana kwa madaraja, akaenda Michigan State, na mwaka 2013 akachaguliwa raundi ya pili kuingia ligi kuu, ambako kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 4.60, ambayo kwa nafasi hii si kasi ya kutisha hata kidogo.

Hili nililifanya sebuleni. Chukua video ya mechi iliyopigwa kutoka nyuma ya goli, si ya pembeni, maana ya pembeni haionyeshi mapengo. Simamisha picha sekunde ile mpira unapofika mikononi mwake. Mwulize: nani hajakingwa? Pengo litafunguka wapi? Aandike jibu, kisha mwendelee kutazama. Fanyeni mbio kumi, mechi tofauti, pamoja na za wachezaji wengine. Mpwa wangu mara ya kwanza alipata nne kati ya kumi, na hizo zilikuwa mbio zake mwenyewe. Ilimuuma, lakini baada ya miezi miwili alikuwa anafika nane, na uwanjani akaacha kukimbilia pembeni kama kuku aliyefunguliwa banda.

Hatua ya 2: Kasi, lakini iliyopimwa kwa haki

Yadi 40 ni kama mita 36.6, na ndicho kipimo kinachoimbwa zaidi. Katika majaribio ya kuingia ligi kuu Chris Johnson alizikimbia kwa 4.24 mwaka 2008, Saquon Barkley kwa 4.40 mwaka 2018 akiwa na kilo 106, na Derrick Henry kwa 4.54 mwaka 2016 akiwa na kilo 112. Hawa ni watu wazima waliokwisha kupita chuo, kati ya bora wa Marekani nzima. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 akikwambia ana 4.35, mwulize kwa upole nani aliyeshika saa. Saa ya mkononi humpa mkimbiaji zawadi, kwa sababu kidole cha mpimaji huchelewa kuibonyeza anapoanza.

Njia safi ni riadha. Msimu wa futiboli ukiisha, aingie timu ya shule ya mbio za mita 100 na 200. Matokeo ya mashindano yanapimwa kwa mitambo na yanabaki kwenye kumbukumbu. Kocha aliye umbali wa majimbo matatu anayaona bila kukuuliza. Kwa maoni yangu muda rasmi wa sekunde kumi na kitu kwenye mita 100 una uzito kuliko 40 yoyote iliyoandikwa na mjomba wake.

Hata hivyo, ranibeki mara chache hukimbia yadi 40 kwa mstari mnyoofu. Kinachomlisha ni hatua tano za kwanza na uwezo wa kusimama ghafla, kubadili upande na kufikia tena kasi ile ile. Chenga isiyofuatwa na kasi ni ngoma tu. Utaona vijana wanacheza miguu mbele ya beki kama wako harusini, na beki anawasubiri wamalize. Anayetakiwa anapiga chenga moja, anaondoka.

Hatua ya 3: Mwili, na kutoanguka ukiguswa

Wazazi wananiuliza urefu unaofaa. Vyuo vikubwa hupenda mtu wa kati, tuseme sentimita 175 hadi 185 na kilo 88 hadi 100, lakini historia ya nafasi hii imejaa waliovunja kipimo hicho pande zote mbili. Barry Sanders wa Wichita, Kansas, alikuwa na sentimita 173, na vyuo vichache tu vilimtaka. Oklahoma State wakamchukua, akakaa nyuma ya Thurman Thomas, na mwaka 1988 alipopewa nafasi akakimbia yadi 2,628 kwa mechi 11 na kutwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Derrick Henry wa Yulee, Florida, alikuwa na sentimita 190. Wapo waliomwona mrefu mno kwa kazi hii ingawa aliondoka haiskuli na rekodi ya taifa ya yadi 12,124. Alipofika Alabama naye akatwaa Heisman, mwaka 2015.

Kuliko urefu, kocha anatazama kinachotokea bega la beki linapomgusa kijana. Anasimama? Anazunguka? Anaanguka kama gunia? Ashton Jeanty wa Boise State ndiye darasa la karibuni la jambo hili. Mwaka 2024 alikimbia yadi 2,601, yadi 27 tu chini ya rekodi ya Sanders, ingawa yeye alicheza mechi 14. Si mrefu, kama sentimita 175, na sehemu kubwa ya yadi zake alizipata baada ya kuguswa: watu wanamparamia, wanateleza, yeye anaendelea. Ni mtoto wa mwanajeshi, sehemu ya utoto wake ilipita Italia, na alipomaliza haiskuli Frisco, Texas, alikuwa wa nyota tatu. Mwaka 2025 akachaguliwa wa sita katika taifa zima.

Tazama video za mwanao kwa jicho hilo moja. Sahau tachidauni, yaani kuuvusha mpira mstari wa goli. Anza kuhesabu pale anapoguswa mara ya kwanza, uone amesogea yadi ngapi kutoka hapo. Kama kila mguso wa kwanza ndio mwisho wa safari, kazi ipo kwenye gimu na kwenye mkao: magoti yakunjwe, bega lishuke chini ya bega la beki, miguu isiache kupiga chini. Mrefu anayekimbia wima anampa beki mbavu zote.

Hatua ya 4: Mpira ubaki kwake

Hii ni fupi kwa sababu haina mjadala. Ranibeki anayeangusha mpira anakaa benchi, awe na nyota tano au kumi.

Ncha ya mpira inakaa kati ya vidole vilivyotanuliwa, mpira unalala kwenye mkono wa chini, unabanwa na msuli wa juu, ubavu na kifua, ukiwa juu na si kiunoni. Unabebwa na mkono ulio mbali na mabeki. Akielekea kulia, mkono wa kulia. Kwenye msongamano mkono wa pili unakuja juu yake. Mpwa wangu aliamriwa na kocha wake kutembea na mpira shuleni wiki nzima, na wanafunzi wote wakiruhusiwa kuupiga uanguke. Ulianguka mara mbili, moja ikiwa kantini, na wali wa watu ukamwagika.

Hatua ya 5: Thamani yake bila mpira

Hapa ndipo tulipoanguka sisi, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Kwotabeki wa chuo ni mali. Timu pinzani ikimtuma beki wa ziada kumvamia, mara nyingi aliyebaki kumzuia ni ranibeki peke yake, na pengine anazidiwa kilo 15. Kijana mgeni chuoni asiyeweza kazi hii hapewi dakika kwenye majaribio ya tatu, ambayo ndiyo yenye presha kuliko yote. Nimewasikia makocha wakisema wazi kwamba kinachomchelewesha ranibeki mpya kuingia uwanjani si mbio, ni kinga.

Nusu ya kinga ni akili. Kabla mpira haujaanzishwa lazima ajue mtu wake ni nani, na huyo akirudi nyuma, amfuate nani. Kanuni ya jumla ni kutazama kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu njia fupi ya kumfikia kwotabeki ni katikati. Nusu ya pili ni mwili: miguu ipanuke, nyonga zishuke, mikono igonge kifua cha beki kwanza, kichwa kiwe juu na nje ya mgongano. Usimrukie. Anayeruka anapitwa, na alichokifanya mpwa wangu siku ile kambini kilikuwa kuruka mara tatu. Tulinunua godoro la mtumba, binamu yake mwenye mwili akawa analishika na kuja nalo kasi nyuma ya nyumba. Jirani alidhani tunagombana.

Kupokea mpira ni upande mwingine wa sarafu hiyo. Vyuo vingi sasa vinamtaka ranibeki anayeweza kusimama pembeni kama mpokeaji, ili mabeki wasijue anakwenda kufanya nini. Christian McCaffrey wa Stanford mwaka 2015 alikusanya yadi 3,864 kwa kukimbia, kupokea na kurudisha mipira iliyopigwa, akaipita rekodi ya Sanders ya 3,250. Heisman ya mwaka huo alishika nafasi ya pili nyuma ya Henry, lakini kila kocha aliyemtazama alitamani wake kama huyo. Arushiwe mipira mia kwa siku. Mikono iupokee, si kifua.

Hatua ya 6: Video itakayotazamwa

Karibu kila haiskuli ya Marekani huweka mechi zake kwenye Hudl, mtandao wa video za michezo, na hapo ndipo kijana anapokata vipande vyake. Kocha ana mamia ya kutazama, kwa hiyo mchezo bora uwe wa kwanza kabisa, na mitano ya mwanzo ionyeshe mambo tofauti: uamuzi katikati ya msongamano, kuvunja mikono ya mabeki, kupokea, kinga, kisha ndiyo mbio ndefu. Dakika tatu au nne zinatosha. Weka alama inayomwonyesha kabla mchezo haujaanza, kisha acha. Muziki wenye matusi uondoe. Kuna makocha wanaotazama na watoto wao sebuleni.

Andika jina, namba ya jezi, mwaka wa kumaliza shule, urefu na uzito wa kweli, wastani wa alama, mawasiliano ya kocha wake. Urefu wa uongo unagunduliwa siku ya kwanza anaposimama kwenye kipimo, na hapo kocha anajiuliza nini kingine kimeongezwa chumvi. Ambatanisha pia mechi mbili nzima dhidi ya wapinzani wagumu. Anayevutiwa na vipande huomba mechi nzima, ili aone kijana anafanya nini baada ya kuzuiwa mara sita mfululizo.

Hatua ya 7: Darasani

Vipaji vingi vya watoto wetu vinafia hapa, kimyakimya.

Ili acheze mwaka wa kwanza katika Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kijana anahitaji masomo 16 ya msingi: Kiingereza miaka 4, hisabati 3, sayansi 2, maarifa ya jamii 2, na mengine 5 kutoka orodha inayokubalika, moja kati yake likiwa Kiingereza, hisabati au sayansi. Kumi kati ya hayo 16 lazima yakamilike kabla ya kuanza mwaka wa nne wa haiskuli, na wastani katika masomo hayo usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Daraja la Pili wanataka 2.2. Mtihani wa SAT au ACT si sharti la NCAA tena tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka.

Kwa familia zilizokuja kama wakimbizi kuna mitego mitatu. Si kila darasa la Kiingereza cha wageni linahesabiwa kuwa somo la msingi; mwulize mshauri wa shule mapema, somo kwa somo. Kama kijana alisoma kidato cha kwanza na kuendelea nje ya Marekani, vyeti vya huko vitahitajika, na kuvitafuta Nyarugusu au Kakuma akiwa mwaka wa nne ni kazi ya kulia. Mtego wa tatu ni umri. Wengi wetu tuliandikiwa kuzaliwa 1 Januari kwa sababu afisa hakuwa na tarehe nyingine, na majimbo mengi hayamruhusu kijana aliyefikisha miaka 19 kabla ya tarehe fulani kuchezea haiskuli. Kama tarehe si sahihi na ushahidi upo, shughulikieni sasa, si msimu ukianza.

Kuanza kuchelewa mchezo wenyewe si mwisho. Christian Okoye alitoka Nigeria kwenda Azusa Pacific, California, kwa ajili ya kurusha kisahani, akaijua futiboli huko huko chuoni, na mwaka 1989 akaongoza ligi kuu kwa yadi 1,480. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Quebec, akajiunga na Michigan. Novemba 1995 alikimbia yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State, na miezi mitano baadaye akachaguliwa wa nane katika taifa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepitia haiskuli ya Marekani.

Hatua ya 8: Kalenda na milango

Makocha wa Daraja la Kwanza wanaruhusiwa kumwandikia kijana binafsi kuanzia 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa haiskuli. Kabla ya hapo wanaweza kutuma fomu za maswali na mialiko ya kambi, na barua hizo hupelekwa kwa maelfu, zisikupe homa. Ziara rasmi zinazolipiwa na chuo zinaanza 1 Aprili ya mwaka huo wa tatu. Kusaini kunafanyika Desemba ya mwaka wa nne, tangu dirisha la mapema lilipoanzishwa 2017, na waliobaki husaini Februari. Kauli ya mdomo ya kocha haimfungi mtu yeyote, hata ikirushwa mtandaoni na picha ya jezi.

Kambi za Juni ni bora kuliko jambo lolote unaloweza kulipia. Chagua mbili au tatu za vyuo ambavyo kocha wake ameshawasiliana na mwanao. Mimi mwaka ule nililipa kampuni moja dola mia kadhaa "kumtangaza" mpwa wangu, wakatuma barua pepe ile ile kwa makocha wasiojuana nasi, na jibu tulilopata lilikuwa moja, likituomba tusiwatumie tena.

Usitazame mlango mmoja. Juu kuna vyuo vikubwa vya FBS, tabaka la juu la Daraja la Kwanza, kisha FCS, tabaka lake la pili, kisha Daraja la Pili lenye ufadhili wa sehemu, Daraja la Tatu lisilotoa ufadhili wa michezo ila linaweza kusaidia kwa njia ya masomo na mahitaji, halafu NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili. Tangu mfumo wa uhamisho ulipoanza 2018, vyuo vikubwa vimezoea kuchukua ranibeki aliyethibitishwa kwingine, na hilo linambana kijana wa haiskuli. Lakini mlango huo huo unafunguka upande wa pili. Cam Skattebo alianza Sacramento State, wakati huo chuo cha FCS, akahamia Arizona State, mwaka 2024 akakimbia yadi 1,711 na mwaka uliofuata akaingia ligi kuu. Jahmyr Gibbs alitoka Georgia Tech kwenda Alabama na kuwa chaguo la 12 mwaka 2023.

Fedha za matangazo, ambazo wanafunzi wameruhusiwa kuzipokea tangu Julai 2021, zina mtego kwa walio na viza ya mwanafunzi: viza hiyo inabana sana kazi na malipo, na kosa hapo linagusa ukaaji wenyewe nchini. Mwenye ukaaji wa kudumu hana kikwazo hicho. Asisaini chochote kabla mwanasheria wa uhamiaji hajakisoma. Na akigongwa kichwa uwanjani akaona maruerue, aseme siku hiyo hiyo, hata kama kocha wa chuo yuko jukwaani.

Hatua ya 9: Maswali ya kumwuliza kocha

Siku kocha atakapoketi mezani kwenu na kusifia chai, mwulize haya. Mna maranibeki wangapi sasa, na nani anabaki mwaka kesho? Mnasajili wangapi mwaka huu, na je, mnatafuta mwingine kwenye uhamisho? Mwanangu akikubali leo, nafasi yake ipo leo, au mnamngoja mwingine akatae kwanza? Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaofanywa upya au wa miaka minne? Unagusa masomo ya kiangazi? Akiumia goti mwaka wa pili, nani analipa, na ufadhili unakuwaje? Wewe ukihamia chuo kingine, ahadi hii inabaki na nani?

Mpwa wangu alirudi kambi ile ile Juni iliyofuata. Kwenye kinga alishinda mara mbili, akashindwa moja. Kocha yule akamfuata dada mlangoni, na hakuuliza habari za mbio. Aliomba matokeo ya masomo, na dada alikuwa nayo kwenye mkoba.